Barua ya wazi: maji ya kusuuzia nikeli na kromu yasiishie Mto Msimbazi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Waziri wa viwanda, wakuu wa NEMC (baraza la mazingira), DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, na nyinyi pia wenye karakana za nikeli na kromu hapa Dar.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima. Mi ni fundi wa kuchovya vyuma, nimeifanya hiyo kazi miaka 14, nikeli, kromu, zinki, kopa (shaba) kidogo, kwenye karakana tofauti tofauti kuanzia Gerezani mpaka Vingunguti, na ukiona bampa la gari la zamani linang'aa kama kioo basi ujue kuna mtu kama mimi kasimama juu ya tenki kulitoa. Sa hivi sichovyi tena, kifua hakitaki, lakini hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na nimeona niliandike hadharani kila mtu asome, maana nikipeleka ofisi moja moja najua itazunguka meza hadi meza.

Jambo lenyewe ni maji ya kusuuzia, na namna ya kuyasafisha kwa rezini, punje za plastiki zinazokamata madini, yatumike tena.

Kwa asiyeijua kazi yetu, chuma kinasuguliwa, kinatolewa mafuta, kinaingia kwenye asidi kidogo, halafu kinaingia kwenye tenki la nikeli na umeme unapita, nikeli inagandia juu yake, baadae kinaingia tenki la kromu. Kati ya kila tenki na tenki lazima ukisuuze, usiposuuza unachafua dawa inayofuata na kazi yote inaharibika. Dawa ndo tunavyoyaita yale maji ya tenki yenye madini. Sasa kila ukinyanyua kitu kutoka kwenye dawa kinatoka kimelowa, kinachuruzika, kinabeba utando wake, na ule utando unaenda kuishia kwenye maji ya kusuuzia. Na maji ya kusuuzia kwenye karakana nyingi nilizopita ni tenki moja lenye bomba wazi, yanaingia chini yanatokea juu, asubuhi mpaka jioni, yanaenda chemba, chemba inaenda mtaro, na mtaro mnaujua unakoenda.

Naomba tufanye hesabu pamoja kidogo, sio ngumu. Lita moja ya dawa ya nikeli ya kawaida ina nikeli yenyewe kama gramu 60 mpaka 80, tuchukue 70. Tuseme karakana ya wastani vitu vinabeba lita 2 za dawa kwa saa, hiyo ni gramu 140 kwa saa, masaa 8 ni gramu 1,120, yani zaidi ya kilo moja ya nikeli kwa siku inaenda na maji. Siku 26 za kazi ni kilo 29 kwa mwezi. Nikeli sio chuma chakavu cha kuokota, ni madini ambayo yanauzwa dunia nzima kwa bei ya London na Machi 2022 ilifika mahali tani moja ikapita dola 100,000 kwa masaa machache mpaka soko wakalisimamisha. Hata bei ikiwa imetulia bado hiyo ni hela, na sisi tunaiweka kwenye mtaro kwa mikono yetu.

Na maji je? Ili kitu kisuuzike vizuri ile dawa inatakiwa iwe imechanganyika na maji kama mara 1,000. Kwa tenki moja la kutiririka hiyo ni lita 2,000 kwa saa, lita 16,000 kwa siku, kwa tenki moja tu la kusuuzia na karakana haina moja. Hii ni mji ule ule ambao Oktoba 2022 mto Ruvu unaotuletea maji ulipungua tukaingia kwenye mgao, watu wa Kimara na Goba wakawa wanalala macho wanasubiri bomba litoe, madumu yanauzwa kwa bei ya soda. Mi siku zile nilikuwa nafungua bomba saa mbili asubuhi nafunga jioni, nalikumbuka hilo kila nikimuona mama amebeba ndoo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, na hapa nawaomba wakuu wa mazingira mnisome taratibu. Sheria zetu za maji taka ya kiwandani zinapima miligramu kwa lita, yani kwenye lita moja inayotoka kiwandani madini yasizidi kiasi fulani. Inaonekana sawa kabisa ukiwa ofisini. Lakini kwenye ile karakana ya hesabu yetu, gramu 1,120 kwenye lita 16,000 inakuja miligramu 70 kwa lita. Nikifungua bomba la pili maji yakawa lita 32,000, inakuwa 35. Nimepunguza nusu kwenye karatasi, na mtoni imeenda kilo ile ile, na nimechoma maji mara mbili. Nimeyaona haya kwa macho, karakana moja nisiyoitaja, taarifa ilikuwa inakuja kwamba kuna ukaguzi kesho na bosi anasema fungueni mabomba yote tangu saa kumi na mbili, sampuli inachukuliwa kwenye chemba maji yanakimbia kama mto, kila mtu anasaini. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya, alipima alichoambiwa apime.

Upande wa pili ndo unasikitisha. Kuna namna ya zamani sana ya kuokoa maji, unaweka matenki mawili ya kusuuzia badala ya moja, maji masafi yanaingia la mwisho, yakitoka hapo yanaenda la kwanza, chuma kinatembea huku maji yanatembea kule yanapishana. Kwa usafi ule ule wa mara 1,000 matenki mawili yanahitaji kama mara 32 tu, manake kutoka lita 2,000 kwa saa unashuka mpaka 64. Ukiweka matatu ni lita 20. Kwenye uhalisia inazidi kidogo kwasababu maji hayachanganyiki kikamilifu lakini tofauti ni kubwa mno. Haya, sasa yule bosi mwema aliyejenga matenki mawili akatumia lita 512 kwa siku badala ya 16,000, akija kupimwa anakutwa na zaidi ya miligramu 2,000 kwa lita! Huyo anapigwa faini, yule wa mabomba wazi anapita. Gramu ni zile zile. Sheria inamuumiza anayeokoa.

Kwahiyo ombi langu la kwanza ni hilo, pimeni gramu. Wekeni mita kwenye maji yanayoingia, zidisheni na mnachokikuta kwenye sampuli, mpate gramu kwa siku zinazotoka getini, na kibali kiandikwe kwa gramu. Na kama karakana kubwa na ndogo hazilingani basi igawanywe kwa eneo la chuma kilichochovywa, hilo sio wazo langu, Marekani kwenye kanuni zao za viwanda vya kuchovya kuna nafasi ya kupima kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya kazi. Mita ya maji DAWASA mnazo. Visima vya viwandani Bodi ya Bonde mnavijua, vina vibali, navyo viwekewe mita maana wengi tulikuwa tunatumia kisima mgao ukiingia.

Baada ya hapo ndo tuongelee rezini, ambayo ndo hasa imenifanya niandike.

Rezini ni punje ndogo za plastiki za kahawia au za njano, ndogo kama mtama au chini ya hapo, unazijaza kwenye bomba kubwa na maji yanapita katikati. Kila punje imebeba ioni zake, yani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, maji yakipita punje inachukua nikeli inaachia hidrojeni. Bomba la pili lina rezini ya aina nyingine, inachukua salfeti na kloridi inaachia haidroksili. Hidrojeni na haidroksili zikikutana zinakuwa maji. Basi. Kinachotoka huko mwisho ni maji kama ya betri, hayana chumvi hayana madini, yanarudi kwenye tenki la kusuuzia yanazunguka tena na tena, bomba la mjini linafungwa unajazia tu yaliyokauka. Kromu sita, ile kromu yenye sumu ya kwenye dawa yetu, inakamatwa na bomba la pili na sio la kwanza, kwasababu ndani ya maji inakaa kama kromati, hilo watu wengi wanakosea.

Nilifanya majaribio mwenyewe, kwa ruhusa ya bosi mmoja aliyekuwa na moyo. Mara ya kwanza tulinunua rezini ya softena, ile ya kulainisha maji mahotelini, tukaona rangi ya kijani ya nikeli inapotea kwenye maji tukafurahi, lakini kipimo cha umeme wa maji, kile ambacho namba ikiwa kubwa ujue chumvi ni nyingi, hakikushuka kabisa, kwasababu ile inachukua nikeli inaachia sodiamu, chumvi inabaki pale pale. Tukapoteza wiki tatu. Baadae tukapata zile zenyewe, mfuko mmoja wa lita 25 wa kila aina, tukatumia mabomba ya plastiki yanayoona ndani. Mbele yake tukaweka filta ya mchanga na ya mkaa, maana mafuta na dawa za kung'arisha zinaziba rezini zinaiua. Na tenki tukalijaza maji ya mvua kwasababu kisima chetu kilikuwa na chumvi, kipimo kilisoma zaidi ya 1,500, tungeanza na hayo rezini ingeshiba chumvi ya kisima kabla haijaona nikeli.

Waheshimiwa natamani mngeona. Mstari wa kijani unaanza juu kwenye rezini ya kahawia, kila siku unashuka kidogo, kama kivuli cha jua ukutani, na chini yanatoka maji yanasoma chini ya 20. Chuma kikikauka hakina doa. Sisi tulikuwa na kijana kazi yake nzima ilikuwa kufuta madoa ya chumvi ya kisima na kitambaa, akahamishiwa kwenye kusugua kwasababu hapakuwa na doa la kufuta. Mfuko ulikaa siku 16 za kazi ndo kijani ikafika chini na kipimo kikaanza kupanda.

Lakini nisiwadanganye, siku 16 hazikuja kwa rezini peke yake. Lita moja ya rezini inabeba kama gramu 30 za nikeli, kwahiyo mfuko wa lita 25 ukiupelekea kilo nzima kwa siku unashiba kabla ya siku ya kwanza kuisha. Kwanza tulikuwa tunasubiri, kitu kikitoka kwenye dawa kinaning'inizwa juu ya tenki kichuruzike kwa kuhesabu mpaka ishirini, zamani tulikuwa tunakitoa tunakitupa kwenye maji hapo hapo tunawahi. Halafu tukaweka tenki la kusuuzia lisilotiririka, maji yametulia tu, kila kitu kinapita hapo kwanza. Dawa ya nikeli ni ya moto, nyuzi 50 na zaidi, kila siku inapungua kwa mvuke, basi badala ya kuijazia na maji ya bomba tunaijazia na yale ya tenki lililotulia na nikeli yake inarudi nyumbani. Hiyo ndo inaokoa sehemu kubwa na haina gharama yoyote zaidi ya tenki moja na subira. Kinachobaki ndo kazi ya rezini. Mtu akija kuwauzia mtambo wa rezini wa mamilioni bila kuwaambia habari ya kuchuruzisha na tenki lililotulia, anawauzia nusu ya dawa.

Na sasa kilichoua majaribio yetu. Rezini ikishiba inaoshwa, ya kwanza kwa asidi, ya pili kwa kostiki soda, inaachia kila kitu ilichokamata inaanza upya. Kwetu ilitoka pipa moja na kitu la maji ya kijani kibichi, asidi kali, ndani kuna nikeli yote ya siku 16. Tumeyafanya madini ya maelfu ya lita yakakaa kwenye pipa moja, ambalo ndo lengo. Halafu tukauliza pipa linaenda wapi. Tukapiga simu huku na huku, kila tuliyempata anatupeleka kwa mwingine, mmoja akasema mwageni kidogo kidogo usiku. Nikasema hilo siwezi kulifanya. Kumwaga pipa lile ni kuchukua kilichokuwa kinaenda mtoni kwa siku 16 na kukipeleka kwa usiku mmoja, samaki wa mikoko pale Selander, Msimbazi unapoingia baharini, wangekuja kulijua kabla yetu. Likakaa pembeni, likaja la pili, bosi akasema fundi tusimamishe mpaka tupate pa kupeleka, na hatukupata.

Ndo maana ombi langu la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Jengeni sehemu moja ya kuoshea rezini, kwa ajili ya karakana zote ndogo. Karakana inakuwa na mabomba yake mawili au matatu, moja likishiba linafungwa koki linapakiwa kwenye pikapu linapelekwa, anapewa lililooshwa anarudi kazini, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Nchi za wenzetu hii huduma ipo. Pale kwenye kituo wanakuwepo wakemia, asidi ipo mikononi mwa watu wanaojua, nikeli inarudishwa kuwa chumvi ya nikeli inauzwa kwetu tena, kromu sita inageuzwa kuwa kromu tatu kwa metabisalfaiti halafu inagandishwa kwa chokaa inakuwa tope la kuhifadhiwa mahali pa halali. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana maeneo, chuo cha ufundi VETA Chang'ombe wana wanafunzi wanaotafuta fani, Chuo Kikuu cha Dar kina wakemia ambao tayari walishapima mboga za Msimbazi na Sinza na kuchapisha mwaka 1999, wakakuta mpaka risasi na kadimiamu kwenye majani tunayokula. Sisemi yale yote yalitoka kwenye nikeli, kuna magereji, kuna betri, kuna kila kitu kwenye mto ule. Ila mchicha wa bondeni unauzwa Ilala asubuhi na mi nimewalisha watoto wangu.

Kwanini nasisitiza kituo na sio kila mtu aoshe kwake? Kwasababu ya sianidi. Baadhi ya karakana za zinki na kopa bado zinatumia dawa yenye sianidi, na sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua mtu amesimama. Kwahiyo sianidi isipitishwe kabisa kwenye rezini hiyo yenye hidrojeni, iwe na mtaro wake na tiba yake, tenki lake rangi yake, mtu asiyejua kusoma naye aelewe. Mkiwaambia karakana za uchochoroni zinunue asidi na kostiki zijioshee zenyewe bila mafunzo mtakuja kuzika vijana. Naomba hilo lisiandikwe kwenye kijarida tu, mtu aje karakanani aonyeshe kwa mikono.

Na kuhusu vijana, kuna rafiki yangu tulianza naye kazi, ana tundu kwenye ukuta wa pua katikati, kromu imetoboa. Hilo ni gonjwa la mafundi wa kromu linajulikana toka enzi, na wale wa WHO wanaoshughulika na saratani kromu sita wameiweka kundi la kwanza. Yeye alikuwa anavuta mvuke wake, mtoni watu wanapata kidogo kidogo sana kuliko yeye, ila yeye alikuwa analipwa mshahara na yule mama anayemwagilia matembele pale Kigogo halipwi na mtu.

La mwisho, na hili ni la Wizara ya viwanda pamoja na wenzenu wa fedha. Rezini, vipimo vya umeme wa maji na filta zake ziangaliwe kwenye ushuru. Karakana ndogo inaweza kuchangia mabomba, haiwezi kubeba kila kitu. Na nyinyi wamiliki, mabosi wangu wa zamani, msikae kusubiri serikali kwa vile ambavyo havina gharama, kuchuruzisha kwa kuhesabu ishirini anzeni kesho, tenki lililotulia anzeni wiki hii. Ramani ya mabomba yangu ntampa yeyote anayetaka bila hela.

Mradi wa Bonde la Msimbazi unaendelea, hela nyingi zinawekwa kuchimba mto na kuhamisha watu Jangwani, bwawa la Kidunda linajengwa ili Ruvu isikauke tena. Kwenye mipango hiyo kituo kimoja cha kuoshea rezini ni kitu kidogo sana, ila mto ukishachimbwa na kupangwa vizuri halafu kilo moja ya nikeli kwa siku kwa kila karakana ikaendelea kuingia kutokea Vingunguti, mtakuwa mmeisafishia njia.

Kipimo changu cha umeme wa maji bado ninacho, betri nimebadilisha juzi. Mtume mtu yeyote, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, tutaenda wote kwenye karakana mtakayoichagua nyinyi, tutachovya kipimo kwenye tenki la kusuuzia na kwenye mtaro wa nje, tutasoma mita ya maji, tutachukua sampuli ya kupimwa madini, na majibu yakija tutazidisha mkiwa mnaona.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa zamani wa nikeli na kromu, Vingunguti